Sura ya Yasama

Antandu alikuwa mhunzi wetu, na kwetu mhunzi ndiye anayechonga pia. Milango ya ghala, nguzo za baraza la wazee, sanamu za marehemu, vyote vilitoka mikononi mwake. Mkewe, Yasama, alifinyanga vyungu. Alikufa na mimba yake kabla mvua haijaanza.

Hapa kwetu mwanamke akifa hivyo, roho yake huogopwa. Hutangatanga mpaka achongewe sanamu ya kumpumzisha. Wajawazito wakaacha kupita karibu na kwa Antandu. Majembe hayakuletwa tena.

Antandu akamwendea binamu yake Jenge, mhunzi wa kijiji cha juu.

"Nichongee, ndugu yangu. Mimi siwezi."

"Mke wangu ana mimba, Antandu. Hata hapo uliposimama umesogea mno."

Basi akachonga mwenyewe. Tezo lake lilikuwa jepesi siku zote, safari hii likamtoa jasho. Alipomaliza, mama mkwe wake, Yabeme, alipiga yowe. Sanamu ilikuwa Yasama mtupu: kidevu chake, na lile tabasamu la kutaka ugomvi.

Lakini Mzee Ambakane, anayetunza madhabahu, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, nilikuomba kitu cha roho kukalia. Wewe umeniletea mkeo."

"Kwani si ndiye?"

"Ukimpa sura yake ataona bado yuko nyumbani. Ataondokaje? Mchonge kama wanavyochongwa wote."

Antandu akaibeba sanamu kuelekea tanuri. Yabeme akamshika mkono. "Usimchome, baba. Niachie mimi."

"Mama, niachie," alisema Antandu, akaitia sanamu motoni, akavuta mivukuto mwenyewe. Yabeme alitoka nje akaketi chini.

Ya pili ilikuwa na uso bapa, pua kama mshale, mikono juu ya tumbo. Mzee aliipokea, akaimiminia uji wa uwele, akaiweka pamoja na nyingine katika pango la madhabahu. Antandu alipoinua macho kumtafuta mkewe, hakumjua ni yupi.

Wajawazito wakarudi kupita. Jenge naye akateremka na jembe lililopinda, ingawa tanuri analo kwake, akileta utani wao wa mabinamu.

"We mjane, bado hujajifunza kupika?"

Antandu alilipokea jembe, akaligonga mpaka likanyooka, akamrudishia. Mpaka leo humtengenezea kila anacholeta. Kumjibu, hamjibu.