Duara Jekundu la Nyamvula

Miaka kumi na minne Nyamvula alijaza hati za mizigo kwa mawakala wa forodha kule Kipevu, bandarini Mombasa. Mgongo ulipomshinda, alikaa nyumbani kwake Mjambere akafundisha kazi ileile kwa simu. Wanafunzi wake walikuwa vibarua tisa wa bandarini waliotaka kuingia ofisini. Kila jioni aliwatumia picha ya hati moja: wasome, wajaze fomu, wamrudishie.

Simu zao zilikuwa ndogo, naye aliwahurumia macho. Kila namba iliyotakiwa akaizungushia duara jekundu. Mazoezi waliyapata yote. Mtihani wa forodha, wenye hati zisizo na duara, wakaanguka wote tisa.

Marudio ya mtihani yalikuwa Jumatatu, nafasi ya mwisho. Mweri, mwanafunzi wake wa Port Reitz, alikuwa ameahidiwa kiti ofisini akipita. Asipopita, kiti ni cha mwingine. Alhamisi Nyamvula alimtumia hati isiyo na duara. Simu ikalia papo hapo.

"Shikamoo mwalimu. Leo umesahau kuchora."

"Marahaba. Sikusahau. Mzigo una uzito gani?"

Nyuma ya Mweri mtoto alikuwa akilia.

"Elfu tatu na mia nane?"

"Huo ni uzito wa kontena tupu, mwanangu."

"Mwalimu, miezi mitano waniwekea vijiduara kama mtoto wa chekechea, leo wanitupa majini?"

Miezi mitano aliyekuwa akizitafuta namba ni Nyamvula mwenyewe. Mweri alinakili tu.

Akavuta boksi la hati kuukuu chini ya kitanda, zilizokunjika, zenye madoa ya mafuta, akazipiga picha jinsi zilivyo. Ijumaa alimtumia tano. Mweri akakosa zote. Jumamosi akapata mbili.

"Zatosha?"

"Hazitoshi. Mtihani wataka nne kwa tano."

Jumapili, baada ya kanisa, akapata tatu, akakosa moja. Ikabaki ya tano.

"Hii niwekee duara, mwalimu. Hii tu, moyo utulie."

Kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Nyamvula aliishika, akaiweka, akaituma hati bila duara.

"Nisomee kuanzia juu," akasema. "Siendi popote."

Mweri akasoma: jina la meli, jina la mpokeaji, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayeomba. Akaufikia uzito wa mzigo, akautaja, akaupita, akaendelea kusoma. Nyamvula alijiziba mdomo kwa kiganja, asije akamwambia kuwa ndio huo.