Shamsia wa Mapipa ya Kijani

"Hivi dada Shamsia, samaki mchanga ananyonya nini?"

Mwanaidi, jirani yake wa Makuyuni, aliuliza hivyo siku moja wakipukuchua mahindi uani, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Ananyonya chumvi, si yuko baharini!" Shamsia naye akacheka. Katika Makuyuni nzima ni yeye peke yake aliyelijua jibu.

"Hanyonyi, mdogo wangu. Anawinda."

Wenzake wakaona machozi yanamdondokea juu ya magunzi.

Shamsia binti Mhina alifanya kazi miaka kumi na moja pwani, kaskazini mwa mji wa Tanga, kwenye kituo cha kuzalisha mwatiko, yule samaki wa baharini mweupe anayeng'aa kama sahani ya bati. Alikwenda kule kuwapikia wafanyakazi. Lakini mtaalamu wa kituo, bwana Nicolaus, alipomwona anavyochuja tui pasipo kupitisha hata chicha moja, akamtoa jikoni akamkabidhi mapipa.

Mapipa yalikuwa sita, yamejaa maji ya bahari ya kijani kibichi kama mlenda. Ule ukijani ulikuwa mimea midogo mno, na ndani yake viliishi vidudu ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko chembe ya unga. Ukimulika tochi pembeni ya glasi unaviona vinacheza. Vidudu hivyo ndivyo chakula cha vichanga vya samaki.

Mwatiko akitoka kwenye yai huwa na akiba tumboni, kifuko kidogo alichofungiwa na Mola wake. Siku ya tatu mdomo unafunguka, macho yanaingia weusi, na akiba inakwisha. Hapo anatafuta kitu kinachotembea mbele ya macho yake. Unga, hata uwe mzuri namna gani, haugusi, kwa kuwa hautembei. Akikosa kidudu mpaka siku ya nne ikapita, basi tena. Hata ukimwekea karamu, anaitazama tu, nguvu ya kufungua mdomo hana. Na vidudu vyenyewe vikiwa na njaa, samaki anayevila anakua na mgongo uliopinda. Kwa hiyo Shamsia alivilisha vidudu vyake kabla hajanywa chai, na kila alipovimimina kwenye tangi la vichanga alisema Bismillahi kwa sauti. Nicolaus, mtu wa kanisani, akazoea mpaka akawa anamkumbusha.

Yusra, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa Mazingara, kule Handeni. Akapata mtoto wa kike. Maziwa yakachelewa kutoka, na siku ya tano mtoto akafariki, hata jina hajapewa. Ndoa nayo haikudumu. Yusra akamfuata mama yake pwani, mwanamke wa maneno machache, mikono yake haitulii, anaosha hata kilichokwisha oshwa.

Hajamaliza hata mwezi pale, mwatiko wakubwa wakataga baada ya kusubiriwa misimu miwili. Mayai yakaanguliwa, na asubuhi ileile simu ikaita kutoka Makuyuni. Jabiri, kaka yake Shamsia, amefariki. Nicolaus alikuwa mjini Tanga, pampu ya hewa inatengenezwa. Shamsia akamwita Yusra huku anajifunga mtandio.

"Kesho kutwa midomo itafunguka. Chota jagi moja kwenye pipa, chuja kwa kitambaa, kilichobaki kitambaani ndicho umimine tangini. Asubuhi na jioni. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Basi likampigia honi barabarani. Namna ya kufanya alimwonyesha, sababu yake hakumwambia.

Sasa, Mazingara maji ni ya kuhangaikia. Watu wanayaweka kwenye mapipa wiki nzima, na pipa likiota ukijani, mwanamke wa nyumba ile anasemwa mpaka kisimani. Yusra alifundishwa hivyo na mama mkwe wake. Akayaona mapipa sita ya kijani, ya mama yake mzazi, na mama mwenyewe yuko matangani, atarudi amechoka na huzuni. Akayamwaga yote. Akayasugua kwa mchanga hadi yakang'aa, akayajaza maji safi ya bahari. Siku ya tatu ilipofika akachota, akachuja, akamimina, kama alivyoagizwa. Kitambaani hakikubaki kitu, naye hakujua kwamba kilitakiwa kubaki.

Shamsia alirudi siku ya nne mchana. Yusra akampokea mfuko, uso umechangamka vile ambavyo haujachangamka tangu Mazingara.

"Shikamoo mama. Pole na msiba. Njoo kwanza uone."

Shamsia akaona. Akashika ukingo wa pipa.

"Vidudu viko wapi?"

"Vidudu gani, mama? Yale maji yalishaoza, nimeyamwaga."

Nicolaus akafika jioni. Alichemsha yai, akasaga kiini, akakimimina tangini. Kikazama mbele ya vile vijicho vyeusi, hakuna kilichokigusa. Asubuhi ndani ya tangi, chini kabisa, palikuwa peupe, kana kwamba mtu amemwaga chengachenga za mchele. Kizazi kizima.

Nicolaus hakumfokea mtu. "Ni bahati mbaya, mama Yusra," alisema, akavua kofia. Aliyefoka ni Shamsia, mbele ya wafanyakazi wote.

"Wewe! Hata wako ulimuua hivihivi, kwa njaa!"

Yusra hakulia. Aliukunja ule mtandio wa mama yake uliokuwa kwenye kamba, akauweka juu ya kiti, akaondoka na kanga zake mbili.

Ni mwaka wa sita sasa. Yuko Mazinde, anaanika nyuzi za mkonge kwenye jua. Shamsia akimpigia, anapokea, "Shikamoo mama," kisha, "Nipo kazini." Miguu ya Shamsia imevimba, safari ya Mazinde haiwezi tena. Kila baada ya swala anakaa juu ya mkeka muda mrefu kuliko wengine.

Wiki iliyopita Mwanaidi alipita kumuaga, anapeleka nyanya gulioni Mazinde. Shamsia akamshika mkono, akamwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku zile za Mazingara yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kumhudumia mzazi, yuko naye chumbani. Yusra alitaka mtoto apelekwe hospitali siku ya tatu. Yeye akakataa, akasema maji ya sukari yatamtosha. Wakati huo alikuwa na mwaka wa tano kwenye mapipa, anaijua siku ya nne kuliko mtu yeyote.

Mwanaidi akakaa chini. "Nikimwona nimwambieje, dada?"

"Mwambie Yusra, mtoto hakumuua yeye. Mimi ndiye niliyesema tusubiri, naye akanitii. Mwambie aje nimwombe radhi, na kama hawezi kuja, anisamehe hukohuko aliko."