Servo Yangu Kuvunjwa Meno

Servo ni mota ndogo inayogeuza mkia wa ndege ya rimoti. Ndege ya klabu nilikuwa nimeiunda mimi, na nilitaka iruke na servo niliyoichagua. Kapteni wetu alitaka chapa yake, ile ya stika ya dhahabu. Akachukua yangu, akazungusha kwa vidole, kwa nguvu, kile kimkono cha juu kinachovuta mkia. Ndani meno ya gia za plastiki yakakatika.

"Umeona, bubu? Hii ni takataka, msee."

Wote wakacheka. Mimi huwa siongei, lakini nilimchukia. Servo huzungushwa na umeme; ukiilazimisha kwa mkono meno hukatika, hata iwe ya chapa gani, na yeye alijua. Nikamsukumia servo yake iliyokuwa mezani.

"Basi zungusha na hii."

Akaitia mfukoni. Jumamosi, siku ya klabu kurusha ndege, yetu haikuwa na servo, na hatukurusha kitu.