Gervas Alipokuja Kuchambua Mchele

Usiku ule begi langu lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa zipu, koti likiwa juu yake. Asubuhi ningepanda treni kwenda kazini tena, miezi saba tu baada ya kustaafu.

Nilikuwa dereva wa treni tangu ujana wangu. Watu husema naishi Tabora, lakini ukweli ni kwamba niliishi njiani, na Tabora nilikuja kuoga na kubadilisha nguo. Siku nilipokabidhi kazi nilidhani nitapumzika. Badala yake miguu ikaanza kuniwasha. Kila alfajiri nilijikuta nimevaa viatu kabla sijajua ninakwenda wapi. Nilifungua bawaba za geti ambazo hazikuwa na ubaya wowote, nikazifunga tena. Pipa la maji nililihamisha mara tatu. Mchana nilitembea hadi stesheni, nikasimama mwisho wa jukwaa kutazama wenzangu wakiondoka. Mke wangu, Mama Rehema, hakunilaumu. Alinizunguka tu na shughuli zake, kama unavyomzunguka mgeni aliyeweka kiti katikati ya njia.

Kisha nikapigiwa simu. Walitaka mtu mzima wa kufundisha madereva wapya, mkoa mwingine, kwa miaka miwili. Nilikubali kabla mpigaji hajamaliza kueleza. Jioni nilipomwambia Mama Rehema, aliuliza swali moja tu, kama huko kuna baridi. Nikasema ipo. Akaenda chumbani akaongeza sweta juu ya mashati aliyokwisha kuyakunja. Nilingoja aseme lingine. Akafunga zipu ya begi. Nililala nikigeuka huku na huku, nikimkosesha usingizi na yeye, mpaka sijui saa ngapi, nikazama usingizini.

Ndotoni ilikuwa mchana. Nilikuwa kwenye kichwa cha treni, mkono kwenye mpini wa breki, na kushotoni kwangu alikuwa ameketi Gervas.

Gervas alikuwa rafiki yangu wa kazi. Tulianza pamoja, tukabadilishana zamu kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto wetu walituchanganya. Alifariki kwa presha kwenye nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi, mbali na kwake, zikiwa zimebaki wiki chache astaafu. Mimi ndiye niliyemrejesha kwa mkewe, Mama Bahati, ndani ya jeneza. Alipokuwa hai alipenda kusema kwamba akistaafu atakaa uani mpaka kuku wamzoee.

Kule ndotoni sikushtuka kwamba yuko hai. Nilishtuka kwamba yuko peku. Alikuwa na sare yake kamili, vifungo vyote, lakini miguu mitupu, ina vumbi jekundu hadi kwenye vifundo. Nilimuuliza viatu viko wapi. Akasema hana haja navyo, kisha akaniomba nipunguze mwendo.

Nilimwambia hatuwezi, tumechelewa. Sikujua tumechelewa wapi. Nilijua tu kwamba kuna watu wanatungoja, kwamba taa ya ishara ni ya kijani na itabadilika. Reli ikapinda mahali ambapo haijawahi kupinda, tukapita sokoni, tukapita nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu, na mara tukawa tunapita kwenye ua wangu mwenyewe, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Treni ikasimama yenyewe mbele ya mlango wa jikoni. Gervas akashuka.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeitika. Akangoja kama mtu mwenye adabu zake, akapiga hodi ya pili, kisha akaingia. Nami namfuata, huku nageuka kutazama treni isije ikaondoka bila mimi.

Jikoni kulikuwa na kigoda, ungo na mchele. Gervas akakaa, akapakata ungo, akaanza kuchambua. Anaokota chenga moja, anaitazama kwenye mwanga, anaiweka kando. Anaokota punje yenye ganda, anaimenya kwa kucha. Mikono ile niliizoea kwenye vyuma na grisi. Sasa inapita kwenye mchele taratibu, na mchele unatoa mlio mdogo, kama mvua inayoanza juu ya majani makavu. Uso wake ni wa mtu anayekula baada ya kufunga siku nyingi.

"Gervas, twende," nikamwambia.

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniuliza chumvi inawekwa wapi.

Nikafungua kabati. Kopo la kwanza lilikuwa na boliti. La pili lilikuwa na tiketi za zamani zilizotobolewa. La tatu nilipolifungua, ilitoka sauti ya kipenga cha stesheni, na nje treni ikapiga honi kama inayojibu. Nikayafunga yote haraka. Nilikuwa nimeoa kwenye nyumba hii, nimezaa kwenye nyumba hii, na sijui chumvi iko wapi. Gervas hakunicheka. Akauliza tena, kwa upole uleule, jua la asubuhi huingia kwanza kwa dirisha lipi. Nikasema sijui, mimi asubuhi huwa sipo. Akauliza Mama Rehema hupenda kukaa wapi akinywa chai. Honi ikapigwa mara ya pili.

Sasa si jikoni kwangu tena. Tupo kibarazani, na Gervas ananyoosha kiganja kama mtoto anayeomba.

Aliniomba michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani, ambavyo Mama Rehema hupenda kuvichemsha na karanga. Sahani ilikuwa mkononi mwangu, ina mvuke. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni, usile. Lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya marehemu akikuomba wewe. Nikasimama nimeishika ile sahani, naogopa kumpa na naogopa kumnyima. Mwisho nikampa. Akaiinamia, akavuta ule mvuke kwa pua, muda mrefu, amefumba macho. Hakula hata kipande. Akanirudishia sahani na shukrani, kama mtu aliyeshiba.

"Huku tulipo," akasema, "hakuna anayezungumzia safari zake."

Nikauliza wanazungumzia nini. Akasema mmoja husimulia kila siku jinsi mkewe alivyokuwa akikung'uta mkeka. Mwingine husimulia kikombe chake kilichomeguka ukingo na jinsi alivyojua kukigeuza asijikate. Wanasikilizana, wakimaliza wanarudia. Yeye, Gervas, zamu yake ikifika hana cha kusimulia. Amejaribu kuwatajia stesheni zote kwa mpangilio, wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza: na nyumbani?

Alipoyasema hayo nilitaka kukaa karibu naye. Lakini kila nikiinama kukaa, kigoda kinakuwa begi langu, nami nainuka. Nikainama tena, nikainuka tena. Treni imeanza kutembea polepole, inapita mbele ya kibaraza behewa baada ya behewa, na madirishani wamo wale vijana niliotakiwa kuwafundisha, wananitazama. Najua nikikimbia sasa nitaiwahi. Najua pia kwamba nikikimbia sitamwona tena huyu mtu.

Na hapo tukawa uani kwa Gervas. Namwona Mama Bahati, mjane wake, ameinama kwenye beseni, anafua mashuka, na anaimba. Sauti yake ni nyembamba, imepasuka kidogo, lakini inapanda bila woga. Sikuwahi kuisikia. Gervas alisimama nyuma ya kamba ya nguo, miguu yake ikiwa kwenye tope la maji ya sabuni, na kuku wakapita katikati ya miguu hiyo bila kumwona.

"Miaka yote ile," akasema, "sikujua kwamba anaimba akifua. Nimejua nikiwa huku."

Nikamwambia amwite, yuko hapo, hatua tano tu. Akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake haukuwa wa baridi, ulikuwa na joto kama mtu aliyetoka kwenye kazi.

"Mwambie nimemsikia."

Nikaamka.

Chumba kilikuwa na mwanga wa alfajiri. Mkono ulikuwa na joto pale aliponishika, au niliulalia, sijui. Upande wa Mama Rehema kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta kwenye chumba cha binti yetu Rehema, ambaye ameolewa na yuko kwake siku nyingi. Alikuwa amekaa sakafuni juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta, kikombe cha chai mikononi, na jua dogo la kwanza limemwangukia magotini. Alidhani namletea habari ya kuondoka. Akasema nguo zangu ziko tayari na maji ya kuoga yamechemka.

Nikamuuliza kama hapo ndipo jua huanzia kuingia.

"Unauliza leo?" akasema. Hakuwa na hasira. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka.

Nilikaa. Magoti yalilia. Nikamsimulia ndoto yote, hata yale makopo. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika kwenye ujumbe akaweka kikombe chini. Akasema ujumbe wa marehemu haulali nyumbani kwa mtu, tungekwenda asubuhi hiyohiyo. Nikamkumbusha treni. Akasema uamuzi wa treni ni wangu, wa kwenda kwa Mama Bahati amekwisha kuufanya.

Njiani nilimpigia aliyenipa kazi, nikamwambia siji. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema kuna ujumbe natakiwa kuufikisha.

Mama Bahati hakuwa akifua. Alikuwa amemaliza, mashuka yamejaa beseni yanangoja kukamuliwa na kuanikwa. Alitukaribisha, akataka kukimbilia jikoni kuweka chai. Nikamwomba asubiri kwanza. Nilimweleza kwa kifupi. Nikasema nimemwota Gervas. Nikasema alikuwa hapa uani, nyuma ya kamba, na wewe unaimba, na ameniagiza nikwambie amekusikia.

Mama Bahati alisimama mikono ikiwa imelowa, maji yakimdondoka kwenye vidole. Hakulia. Aligeuka akatazama kamba ya nguo.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa naimba akiwa safarini tu. Akirudi nilinyamaza. Nilidhani amechoka, anataka kimya."

Mama Rehema akainama kwenye beseni, akainua ncha ya shuka, akaanza kukamua na Mama Bahati, mmoja akizungusha kulia, mwingine kushoto. Shuka la pili lilipotoka, Mama Rehema akanikabidhi upande wake bila kuniangalia. Nikaupokea. Sikujua inavyofanywa. Nilizungusha upande uleule na Mama Bahati, shuka likafunguka, tukacheka kidogo wote watatu. Akanionyesha.

Siwezi kusema kwamba nimepona. Treni ya saa mbili ilipopiga honi kutoka stesheni, miguu yangu ilishtuka yenyewe, kisigino kimoja kikainuka. Mama Bahati aliliona hilo, akanipa shuka lingine, na polepole, kwa sauti nyembamba, akaanza kuimba tukiwa tunamsikia. Nikashika ncha, nikazungusha kushoto.