Jina Lililokuwa Ndani ya Kifuniko

Mimi ni muuza vitu vya kale, na uongo wangu wa kazini ni mmoja: umri. Sanduku lililotengenezwa enzi ya bibi yangu, nikishalishika mimi, lina miaka mia mbili. Wenzangu wa Ulaya hudanganya kwa mwaloni, mimi hudanganya kwa msaji, na mteja ni yule yule. Anashuka melini hapa bandari ya Matrah, Uarabuni, na kofia yake, anatafuta kitu kilichomzidi umri babu wa babu yake. Nilikuwa nikijiambia kuwa uongo wa namna hii haumuumizi mtu.

Sanduku ninalolisimulia nililinunua mtaa wa Qurum, kwa bibi mmoja mjane. Mama yake alikuja nalo kutoka Unguja. Lilikuwa na njumu za shaba mbele na droo tatu chini, na wanawe walikuwa wanabadilisha vyombo vya nyumba, halikuwa na pahala tena. Wapagazi walipokuwa wakilifunga mablanketi, bibi akanishika mkono.

"Mwanangu, ndani ya kifuniko mama kaandika majina ya watu wetu. Mie macho yangu ndo haya, hayaoni. Hawa wajukuu Kiarabu wanakisoma, lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakiwaingii. Ijumaa ntakuja dukani, unisomee, mjukuu aandike. Wengine wote nnawajua. Nnamtaka mmoja tu, dada yangu, kafa mchanga kabla mie sijazaliwa. Mama kila akiulizwa jina lake akilia, mwisho tukaacha kumuuliza. Nnataka nimtaje kwenye khitma kabla sijafa."

"Inshallah, bibi. Halitoki mpaka uje."

Nilipofika dukani nikakifungua kifuniko. Ulikuwa mwandiko wa wino, wa mwanamke aliyejifunzia chuo cha Kurani, herufi kubwa kubwa na mistari inayopanda. Juu kabisa ameandika kuwa sanduku hili amenunuliwa na mumewe likiwa jipya kutoka kwa fundi, akataja na mwaka. Mwaka wenyewe ulikuwa wa juzi tu. Nami nilikuwa na mteja aliyekwisha kuliona kwenye picha, nimeshamwapia kuwa ni la miaka mia mbili, na meli yake inaingia Alkhamisi. Majina niliyapitia mara moja, haraka haraka. Kisha nikachukua msasa.

Ningeweza kupiga picha kwanza. Simu ilikuwa mfukoni. Nimejiuliza mara nyingi na jibu langu linanitia aibu: sikumkumbuka kabisa yule bibi. Nilikuwa naufikiria ule mwaka tu, na msasa ukishaanza kazi hauchagui mstari. Nikasugua mpaka mbao zikawa safi, nikapaka nta. Alkhamisi sanduku likaondoka.

Ijumaa baada ya sala bibi akaja, mjukuu wake wa kike kamshika mkono, daftari jipya kwapani. Bibi alikuwa amejifukiza udi na kuvaa vizuri kama aendaye harusini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

Nikamwambia mteja alikuwa na haraka, lakini majina niliyanakili, na yote nayajua kwa moyo. Nikaanza kumtajia. Babu yake, baba yake, wajomba wawili, shangazi. Kila mmoja akaitikia, "Eeh, huyo nnamjua." Kisha akakisogeza kiti chake karibu yangu.

"Na mdogo?"

Sikulikumbuka. Hadi leo napaona pale lilipokuwa, chini kushoto, neno fupi, wino umefifia, lakini neno lenyewe silioni. Jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la binti yangu. Nikalitoa.

Bibi alilitamka polepole, mara tatu, akalia. Mjukuu akaandika.

Tangu hapo naalikwa kila khitma ya nyumba ile. Nakaa ukumbini na wanaume, marehemu wanatajwa mmoja mmoja, na katikati yao linatajwa jina la binti yangu aliye hai. Nainua mikono nasema Amin. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naiona inarefuka, na kila nikitaka kumwambia bibi ukweli namkumbuka alivyolia, naogopa.

Mwaka jana mke wangu alikwenda na mtoto upande wa wanawake. Bibi akasikia anavyoitwa, akamvuta akamkumbatia. "Kumbe wewe somo wa dada yangu!" Kwetu watu wa jina moja huitana somo, na somo ni udugu, mtu haufanyii mzaha. Idi iliyopita bibi akamletea binti yangu vipuli vya dhahabu, vidogo mno. Mama yake bibi alimnunulia yule mchanga, akaviweka miaka yote katika droo ya sanduku lile, na bibi akavitoa kabla hajaniuzia.

Binti yangu alivivaa mbele ya kioo, akageuza kichwa huku na huku. Halafu akaniuliza, "Baba, somo wangu alikufa na nini?"

Nikamwambia sijui. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililowahi kulisema juu ya mtoto yule.