Tembo la Kipini

Mwaka wa hamsini na sita Pekeshe alipanga safari: wanaume wanne washuke mto mpaka Kipini, mji mkongwe wenye minazi, wanywe tembo siku mbili, warudi. Shemeji yake Mangi, mkulima wa Minjila aliyenusa hata maji ya mtungi wake mwenyewe, akauliza, “Mgema nani?”

“Rafiki yangu Ngowa.”

“Ana kijana hajaoa?”

Pekeshe akakohoa. “Mmoja tu, shemeji.”

Mangi akaelewa. Kwao Wagiriama, baba akinywa tembo la wachumba, binti keshaposwa.

“Nitakwenda,” akasema, “na binti yangu Kabibi pia. Nitamuuliza mbele yao kama ninywe. Akikataa, nitarudi na kiu yangu.”