Vitabu vya Rafu ya Chini

Tarehe 2 Machi 2019, siku ya Jumamosi, Dolphine Acan alitia sahihi karatasi ya kupokea ufunguo wa kabati la klabu ya wasomaji inayokutana Wandegeya, Kampala, ghorofani, juu ya duka la uchapaji la Tarcisio. Karatasi hiyo bado imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Ina mistari mitatu. Wa kwanza unasema mwanachama wa kawaida ataazima kitabu kimoja kwa mwezi. Wa pili unasema mwenye ufunguo hana kikomo. Wa tatu unasema vitabu vya rafu ya chini ni vya watu binafsi, na mwenye ufunguo havimhusu.

Acan ana miaka arobaini na minne. Ni askari wa kampuni ya ulinzi, na lango lake ni la hosteli ya wanafunzi iliyo mwendo wa dakika saba kutoka kwa Tarcisio. Anaishi Kawempe na binti yake anayesomea ufundi wa umeme. Baba yake alikuwa mwanajeshi kutoka Kitgum, kwa hiyo Kiswahili cha kwanza alikipata kambini, kile cha amri na matusi, kisichojali ngeli wala nafsi: nakufa ni mimi, ni wewe, ni yeye. Cha pili alikipata vitabuni. Vyote viwili viko kichwani mwake lakini havichanganyiki: anazungumza cha kambini, na anaposoma au kuandika hutumia kile cha vitabu. Langoni husoma vitabu vitatu kwa wiki, wakati mwingine vinne. Mshahara wake haununui hata kimoja. Bila ufunguo angesoma kumi na viwili kwa mwaka.

Klabu ina desturi yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi watu hupanga vitabu mezani, upande wa kulia vilivyonunuliwa tangu mkutano uliopita, upande wa kushoto vile ambavyo mwenyewe hajavisoma. Upande wa kushoto unaitwa kiporo, neno lililoletwa na mwanachama mmoja aliyesomea Dodoma. Lilikusudiwa kuwatia watu aibu kidogo. Badala yake likawa sifa. Watu hushindana kwa urefu wa viporo vyao, huvipiga picha na kuvituma kwenye kundi la WhatsApp, na kwa kuwa nyumba ni ndogo na wake na waume hulalamika, wengi huviacha kwenye rafu ya chini ya kabati, vingi vikiwa bado ndani ya plastiki ya dukani.

Kiporo kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Blandine, mwenyekiti tangu 2021. Ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mwanamke wa maneno ya haraka, na kila anaporudi kutoka Nairobi na mzigo huja na vitabu vitano au sita.

"Kitabu njo kama kitenge," huwaambia wanachama wapya kwa Kiswahili cha kwao, ambamo ndio huwa njo na vyote huwa byote. "Huwezi vaa byote. Lakini byote iko yako."

Upande wa Acan wa kushoto haujawahi kuwa na kitu. Jambo hilo liliwaudhi wenzake kuliko alivyotaka kukiri yeyote kati yao. Aristide, fundi wa simu anayetoka Goma, alikuwa akimchokoza kila mwezi.

"Afande, kiporo yako iko wapi?"

"Mimi nakula moto," Acan alimjibu safari moja, bila kuinua macho.

Hakuwa mtu wa kupendeka na hakujaribu kuwa. Aliyerudisha kitabu aliulizwa swali moja kabati likiwa bado limefungwa: "Mwisho, nani nakufa?" Kama hakuna anayekufa ndani ya kitabu, Acan alitarajia kuambiwa hivyo. Aliyeshindwa kujibu alirudishiwa kitabu chake mkononi na kuonyeshwa ngazi. Aristide alionyeshwa ngazi mara tatu. Blandine alionyeshwa mara moja, mbele ya wageni, na tangu siku hiyo akaacha kumwita Mama Acan. Akawa anamwita huyu askari.

Mwishoni mwa Agosti 2025 mwanafunzi mmoja anayehama hosteli alimpa Acan katoni ya vitabu. Jumapili tarehe 24 Acan aliandika kwenye kundi: "Nimepewa katoni ya vitabu. Nafasi iliyobaki ni ya rafu ya chini tu. Je, niviweke huko?" Hakuna aliyejibu.

Jumanne Tarcisio alimweleza Blandine kwamba bomba lililo ukutani nyuma ya kabati linavuja na litakatwa. Blandine, akiwa dukani na wateja wawili mbele yake, alimwandikia Acan ujumbe: "Acan, alhamisi fundi wa maji anakuya. Vitabu ya chini tosha."

Mashariki ya Kongo, kutosha ni kutoa. Tosha kiti, tosha viatu, tosha mtoto kwenye maji. Kila Mkongo wa Kampala anayesema Kiswahili anaelewa hivyo, na Blandine hakuona sababu ya kuandika zaidi. Acan aliusoma ujumbe langoni kwa Kiswahili chake cha vitabu, siku mbili baada ya kuuliza swali lake. Aliona habari moja na jibu moja: fundi anakuja Alhamisi, vitabu vya chini vinatosha, usiongeze. Akajibu "Sawa." Jioni hiyo akamrudishia mwanafunzi katoni yake.

Alhamisi fundi alikata bomba kabla ya kujua koki kuu iko wapi. Maji yalitembea sakafuni kwa karibu saa nzima. Rafu za juu hazikuguswa. Ya chini ililowa yote, vitabu sitini na viwili, na kufikia Jumamosi kurasa zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizosahauliwa kwenye mfuko.

Mkutano wa tarehe 6 Septemba ulianza saa nane na ajenda moja: ufunguo. Walikuja watu kumi na wanne, Acan akiwemo. Alikuwa amevaa sare kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi. Vitabu vilivyolowa vilikuwa vimepangwa juu ya gunia katikati ya chumba, na hakuna aliyetaka kukaa karibu navyo.

"Nilimuandikia," Blandine alisema, akiwaonyesha simu mmoja baada ya mwingine. "Batu yote batazame. Nilisema tosha. Akasema sawa. Akaacha bitabu kwa maji."

"Uliandika natosha," Acan alisema. "Mimi nauliza kama naongeza katoni, wewe nasema natosha."

"Natosha! Nani alisema natosha? Nilisema tosha!"

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti iko kwa kichwa yako," Aristide alidakia. "Kila siku unaulizaka batu maswali kama polisi. Hii moja ulishindwa kuuliza?"

Watu walicheka. Aliyenyamazisha kicheko alikuwa Kidega, sajini mstaafu wa polisi, mzee wa klabu kwa umri. Kidega alifanya kazi miaka sita Mpondwe, mpakani na Kongo, na anakijua Kiswahili cha ng'ambo. Aliomba simu, akasoma ujumbe kwa sauti mara mbili, kisha akaomba na ule wa Jumapili, wa katoni.

"Huyu dada aliandika Kikongo," alisema. "Huyu mwingine alisoma Kiswahili ya kitabu. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza Mpondwe niliambiwa tosha bunduki, nikafikiri wanasema bunduki zimetosha, nikaenda kulala. Kosa iko pande mbili. Ufunguo ibaki."

Mtu wa nyuma alisema ni kweli, hata yeye angeelewa kama Acan. Mwingine akauliza kwa nini mwenyekiti hakupiga simu. Blandine aliona upepo unageuka. Alikaa chini, akafunga mkoba wake.

"Sawa," alisema. "Sitaki makelele. Huyu askari aseme tu pole, mbele ya batu. Bitabu makumi tatu na moja ilikuwa yangu. Aseme pole, tumalize."

Macho yote yalimgeukia Acan. Kidega alimfanyia ishara ya mkono, ndogo, ya kumhimiza. Neno moja lingetosha, na kila mtu mle ndani alilijua.

Acan alisimama. Hakusema pole. Alienda kwenye gunia, akainua kitabu cha jalada la kijani kilichovimba maji.

"Hii yako?"

"Yangu. Nilinunua Nairobi mwaka jana."

"Ndani nasema nini?"

Blandine alinyoosha mkono apewe.

"Mwaka mzima iko hapa na plastiki yake. Nauliza, nasema nini? Unalilia nini?" Aligeukia wengine. "Ni mtu anahamia kisiwani kutibu watu, na dawa anayo ni ya mifugo. Mke wake anajua, ananyamaza. Mwisho mke ndiye anakufa, kwa dawa ile ile." Akakitupa, akachukua kingine. "Hii ya Aristide. Fundi saa, ana mtoto kiziwi. Nzuri mwanzo, katikati mwandishi amechoka. Hii ya afande Kidega, habari ya reli. Hii sikuipenda."

Blandine ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulisoma bitabu yetu?"

"Zote."

"Plastiki ilikuwa iko. Mimi mwenyewe niliona."

"Nakata na wembe, chini, pale haionekani. Nikimaliza narudisha, napitisha pasi juu ya karatasi. Plastiki nashikana tena vizuri."

Alilisema kwa majivuno, kama fundi anayeeleza kazi yake. Katika chumba kile hakukuwa na kosa baya zaidi la kukiri. Vitabu vilivyokufa kwa maji vingesamehewa; maji hayana nia. Lakini kila mmoja wao alikuwa na kitabu alichokiwekea siku yake, siku ya likizo, siku ya mvua, siku ambayo watoto wangekuwa kwa bibi yao, na sasa walikuwa wanaambiwa kwamba siku hiyo mtu mwingine alikwisha kuitumia. Tena wameambiwa hata anayekufa mwishoni.

"Ulivaa kitenge yangu," Blandine alisema polepole. "Ukaikunja, ukaipiga pasi, ukanirudishia. Na mimi naonyesha batu, nasema ni mpya."

"Kwani uliivaa lini wewe?"

"Mwizi!" Aristide alipiga meza. "Na anatuuliza sisi nani alikufa!"

"Wewe hata ukiulizwa jina la kitabu utashindwa, fundi wa chaja."

Kidega alikuwa ameinamisha kichwa. Acan alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asimame.

"Afande, wewe unajua mimi si mwizi. Sikutoa hata moja nje ya chumba hii. Hizi ya chini nasoma hapa hapa, hata pasi nakuja nayo."

"Nilikutetea kwa neno," Kidega alisema. "Hii si neno. Hii ni karatasi uliyoweka sahihi. Mstari wa tatu." Kisha aliongeza, bila kumwangalia: "Na ile ya reli nilikuwa naiwekea siku pensheni yangu kamili itaanza kutoka. Ungesema unaitaka, ningekupa."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Kumi na mmoja walisema anyang'anywe ufunguo. Wawili hawakuinua mkono upande wowote. Kidega alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Acan aliuchomoa ufunguo kwenye kamba ya filimbi yake, akauweka juu ya kitabu cha kijani, akashuka ngazi. Alifika langoni dakika ishirini kabla ya zamu, na wanafunzi waliopita jioni hiyo wanasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona pale amekaa mikono mitupu.

Siku nne baadaye Tarcisio, ambaye ndiye aliyemleta fundi wa maji, alikubali kununua upya vitabu vyote vilivyoharibika. Alitaka kitu kimoja tu, orodha: jina la kitabu na jina la mwandishi. Majalada mengi yalikuwa yamebanduka au kuoza. Blandine aliwaita wanachama ghorofani wakakaa na kalamu kuanzia saa tisa hadi magharibi. Kwa pamoja, wakisaidiana na picha za zamani kwenye simu, walipata majina kumi na tisa kati ya sitini na mawili. Blandine alikumbuka manane ya kwake. Mengine alikumbuka rangi.

Alimwandikia Acan. Safari hii Kidega alikaa kando yake na kusahihisha kila neno kabla halijatumwa. Jibu lilikuja baada ya saa moja, kwa Kiswahili safi kisicho na kosa hata la nukta: "Majina yote sitini na mawili ninayo, na waandishi, na mwaka wa uchapaji. Nirudishieni ufunguo kwanza."

"Hata siku moja," Blandine alisema, na hilo halikuhitaji kusahihishwa.

Tarcisio amewapa hadi mwisho wa Septemba. Jumatatu ya tarehe 22, saa kumi jioni, Blandine na Kidega watakwenda hosteli na daftari, bila ufunguo, kumwomba Acan awatajie majina, na wamekwisha kumwandikia siku na saa. Acan amekwisha kumwambia askari mwenzake kwamba wakifika waandikwe kama wageni wengine, waache vitambulisho dirishani, na wasubiri nje ya lango.